Karata Iliyotoka na Daftari la Aviator

Imani iliyoenea miongoni mwa vijana wanaobeti mjini Kisangani, kama ilivyoenea Goma, Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, ni kwamba matokeo yaliyokwisha kutokea yanamwambia mchezaji afanye nini katika raundi inayofuata. Inasemwa kwamba ndege ya mchezo wa Aviator ikiondoka mapema mara tano mfululizo, ya sita lazima ipae. Kwamba timu iliyofungwa mechi tatu sasa zamu yake ya kushinda imefika. Na kwamba anayeandika namba daftarini kwa uvumilivu, usiku hadi usiku, hatimaye ataona mpangilio ambao wavivu hawauoni. Imani hii haisimami juu ya ushirikina peke yake, bali ina hoja, na hoja yake kubwa imetolewa katika jambo la kweli: wapo watu waliofuatilia karata zilizotoka mezani, wakabadili uamuzi wao kulingana na hesabu, na wakazishinda kasino za Las Vegas, kiasi kwamba habari zao zikatengenezewa filamu. Ikiwa hilo liliwezekana huko, huulizwa, kwa nini lisiwezekane kwenye simu ya kijana wa Mangobo au wa Kabondo?

Swali hilo linastahili jibu la heshima, kwa sababu majibu ambayo kijana huyo hupewa kwa kawaida hayamtoshi. Mzazi humwambia kwamba kamari ni bahati tu na haina akili ndani yake, na mhubiri humwambia kwamba ni dhambi. La mhubiri ni la dini na lina mahali pake. La mzazi, hata hivyo, si kweli, na kijana aliyesikia habari za Las Vegas anajua kwamba si kweli, na akishamkamata mshauri wake katika kosa moja hamsikilizi tena hata anapokuwa na haki. Makala haya yanashikilia msimamo mwingine, kwamba hesabu ya karata ni elimu ya kweli iliyothibitishwa kwa hisabati, na kwamba ni elimu hiyo hiyo, ikifuatwa mpaka kwenye mizizi yake, inayoonyesha kwa nini daftari la Aviator halina thamani yoyote.

Mchezo wenyewe, unaoitwa blackjack au ishirini na moja, ni rahisi kueleza. Kila mchezaji hupambana na mgawaji wa kasino peke yake, akitafuta jumla iliyo karibu na 21 bila kuipita. Karata za namba huhesabiwa kwa thamani yake, karata za picha zote huhesabiwa 10, na ree, yaani karata yenye alama moja, huhesabiwa 1 au 11 kwa faida ya aliyeishika. Mchezaji huona karata zake mbili na moja ya mgawaji, kisha huamua: kuongeza karata, kusimama, kuzidisha dau mara mbili, au kutenganisha jozi. Mwaka 1956 Wamarekani wanne, Roger Baldwin, Wilbert Cantey, Herbert Maisel na James McDermott, waliokuwa jeshini na wakitumia mashine za kawaida za kukokotoa, walichapisha katika jarida la chama cha wanatakwimu wa Marekani uamuzi ulio bora kwa kila hali, mradi mchezaji hajui lolote kuhusu karata zilizobaki. Huo ndio msingi, na ulipunguza faida ya kasino ikawa ndogo mno, ingawa haukuiondoa.

Aliyeiondoa ni Edward Thorp, mwanahisabati aliyeuliza swali ambalo wenzake hawakuliuliza: pakiti inabadilika vipi baada ya baadhi ya karata kutoka? Kwa kompyuta ya IBM alikokotoa athari ya kuondoa kila karata, akachapisha matokeo mwaka 1961, na mwaka 1962 akatoa kitabu chake Beat the Dealer. Aligundua kwamba pakiti iliyobakiwa na karata kubwa humpendelea mchezaji, kwa kuwa hupata malipo ya ziada ya moja na nusu anapopewa ree pamoja na karata ya kumi, na kwa kuwa mgawaji, ambaye kanuni humlazimisha kuongeza karata mpaka afike 17, hupasuka mara nyingi zaidi. Pakiti iliyobakiwa na karata ndogo humpendelea mgawaji. Njia nyepesi ya kufuatilia hali hiyo, iliyopendekezwa na Harvey Dubner mwaka 1963, ndiyo inayotumika zaidi hadi leo: kila karata ya 2 hadi 6 inayotoka huongeza 1 katika hesabu, ya 7 hadi 9 haiongezi wala haipunguzi, na kila ya kumi au ree hupunguza 1. Jumla hiyo hugawanywa kwa idadi ya pakiti ambazo hazijatoka bado, kwa sababu ziada ya 9 katika pakiti tatu si sawa na ziada ya 9 katika pakiti moja, na jibu lake huitwa hesabu halisi.

Hapa ndipo uamuzi unapobadilika, na hapa ndipo panapostahili kutazamwa kwa karibu, maana wengi wanaoutaja mfano huu hawajawahi kuutazama. Mgawaji anapoonyesha ree, mchezaji huruhusiwa kununua kinachoitwa bima, yaani dau la pembeni, nusu ya dau la awali, linalolipa mara mbili iwapo karata ya mgawaji iliyofunikwa ni ya kumi. Katika pakiti moja ambayo hakuna kinachojulikana isipokuwa ree hiyo, karata 51 hazijaonekana, na 16 kati yake ni za kumi. Anayenunua bima ya faranga moja katika hali zote 51 hupata faranga 32 kutoka kwa zile 16 na hupoteza 35 kwa zile nyingine, hivyo hupungukiwa 3. Bima ni biashara mbaya, na kanuni ya msingi humwamuru mchezaji aikatae daima. Lakini chukuliwe kwamba karata 21 zimeonekana, ree hiyo ikiwemo, na kati yake 4 tu ndizo za kumi. Zimebaki 31, na 12 kati yake ni za kumi. Bima ile ile, kwa malipo yale yale, sasa huleta 24 na kupoteza 19. Biashara mbaya imekuwa nzuri, wala hakuna muujiza uliotokea. Kilichobadilika ni idadi ya karata zilizobaki, wakati kasino imeendelea kulipa kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Maamuzi mengine hubadilika vivyo hivyo. Mwenye 16 mbele ya kumi ya mgawaji yumo katika hali mbaya kuliko karibu zote, kwani akiongeza au akisimama hupoteza, kwa wastani, takriban 54 katika kila 100 alizoweka. Na kwa kuwa njia hizo mbili zinalingana kiasi hicho, ziada ndogo tu ya karata kubwa inatosha kumfanya asimame badala ya kuongeza. Mwenye 15 mbele ya kumi husubiri hesabu halisi ifike 4 ndipo asimame, na mwenye 12 mbele ya 3 husimama ikifika 2. Mwaka 1986 Don Schlesinger alionyesha kwamba kati ya mabadiliko mengi ya namna hiyo, 18 tu huleta sehemu kubwa ya faida yote, na bima peke yake huchukua karibu theluthi ya faida ya hayo 18. Jambo hili lingewashangaza wanaodhani kwamba mhesabu karata ni mtu mwenye kipaji cha kukumbuka kila kitu: elimu yote inayobadili maamuzi yake inaenea katika ukurasa mmoja, na katika michezo ya pakiti nyingi faida yake kubwa haitoki hata huko, bali katika kuweka dau kubwa pakiti inapokuwa nzuri na dogo inapokuwa mbaya.

Sasa iulizwe kwa nini hesabu hiyo hufanya kazi. Sababu ya kwanza ni kwamba karata iliyotoka hairudi mpaka zichangwe upya. Mchimbaji wa almasi wa Bafwasende au Banalia anaielewa sababu hii bila kitabu: kokoto alizokwisha kuosha hazirudi shimoni, na kwa hiyo anachokiona katika chujio lake kinahusu kweli kile kilichobaki chini. Yaliyopita yanafundisha juu ya yajayo pale tu yanapopunguza au kuongeza kitu katika yajayo. Sababu ya pili, ambayo husahaulika zaidi, ni kwamba malipo hayabadiliki pamoja na uwezekano. Bima hulipa mara mbili ziwe za kumi zimebaki nyingi au chache; kasino imefunga bei yake huku thamani ya bidhaa ikipanda na kushuka, na mhesabu karata hufanya jambo moja tu, kununua wakati bei iko chini ya thamani. Kuna na ya tatu, kwamba mchezaji anapewa nafasi ya kuamua baada ya kuona. Pasipokuwapo sababu hizi, hesabu haina pa kushika, hata aliyeishika kalamu akiwa profesa.

Kasino zenyewe zimelithibitisha hili kwa vitendo. Zilipoona kitabu cha Thorp kinasomwa, zile za Las Vegas zilibadili kanuni Aprili 1964, wateja wakakimbia, nazo zikarudisha kanuni za zamani baada ya wiki chache. Baadaye zilijifunza njia bora. Ziliongeza pakiti hadi sita au nane, zikaanza kuchanga kabla karata hazijaisha, na huko Nevada zikawafukuza wahesabu, ingawa katika jimbo la New Jersey Mahakama Kuu iliamua mwaka 1982, katika kesi ya Ken Uston, kwamba kasino haina mamlaka ya kumfukuza mtu kwa sababu anahesabu. Kisha ikaja mashine inayopokea karata zilizotumika na kuzichanganya papo hapo na zilizobaki. Mbele ya mashine hiyo Thorp mwenyewe hana msaada, kwa kuwa karata iliyotoka sasa inarudi. Mchezo wa ishirini na moja unaochezwa kwenye simu dhidi ya programu uko hivyo hivyo, maana programu kwa kawaida huchanga pakiti nzima upya kwa kila mkono. Kijana anayehesabu karata kwenye simu yake huko Makiso anahesabu kitu kinachofutwa kabla hajakitumia.

Aviator iko mbali zaidi. Katika mchezo huo ndege hupaa huku namba ya kuzidisha dau ikipanda kutoka 1, na mchezaji hutakiwa kutoa fedha zake kabla ndege haijatoweka. Kampuni iliyoutengeneza, Spribe, inatangaza kwamba mchezo hurudisha kwa wachezaji asilimia 97 ya kilichowekwa. Kwa kiwango hicho, uwezekano wa ndege kufika mara 2 ni kama asilimia 48.5, na wa kufika mara 10 ni asilimia 9.7; ukizidisha kila uwezekano kwa namba yake, unapata 97 katika hali zote mbili. Maana yake ni nzito kuliko inavyoonekana: hakuna uamuzi ulio bora kuliko mwingine. Anayetoka mapema kwa woga na anayesubiri kwa ujasiri wanalipa ushuru uleule wa faranga 3 katika kila 100. Kwenye ishirini na moja uamuzi una uzito, na mpumbavu hupoteza kwa kasi kuliko mwerevu. Kwenye Aviator hakuna nafasi ya werevu kufanya kazi, kwa sababu kila raundi huzalishwa upya kwa namba za nasibu, wala hakuna pakiti inayopungua.

Watetezi wa daftari hujibu kwamba wameona kwa macho yao: baada ya raundi tano mbaya, ya sita ilipaa. Bila shaka wameona. Uwezekano wa raundi tano mfululizo kushindwa kufika mara 2 ni kama asilimia 3.6, yaani karibu mara moja katika kila 28, na kwa mchezo unaokwenda mchana na usiku bila kupumzika, mifululizo hiyo hutokea tena na tena. Karibu nusu ya hiyo hufuatwa na raundi nzuri, na hizo ndizo zinazokumbukwa. Zaidi kidogo ya nusu hufuatwa na raundi mbaya, nazo husahauliwa au huitwa mkosi. Raundi ya sita haijui kwamba tano zimetangulia. Hatari huwa kubwa zaidi pale imani hii inapoungana na desturi ya kuongeza dau maradufu kila baada ya kupoteza. Anayeanza na faranga 500 za Kongo na kupoteza mara sita ameshaweka 31,500, na dau la saba linamdai 32,000 nyingine, yote hayo ili apate faida ya 500. Na kupoteza mara sita mfululizo hutokea karibu mara moja katika majaribio 54. Kwa mwendesha toleka, anayekanyaga baiskeli na abiria nyuma kutwa nzima, hizo si namba za mchezo.

Upo upinzani wenye nguvu zaidi, na haufai kukwepwa. Husemwa kwamba mpira si Aviator: mechi ina sababu zake, mchezaji majeruhi hubaki majeruhi, na shabiki wa klabu za Kisangani kama TS Malekesa au AS Nika anajua mambo ambayo mtu wa Ulaya hayajui. Hilo ni kweli. Sababu ya kwanza kati ya zile zilizotajwa ipo kwa kiasi fulani, maana yaliyopita yanahusiana na yajayo. Kinachokosekana ni ya pili. Odi, yaani namba inayozidishwa na dau ili kupata malipo, haikufungwa kama malipo ya bima. Ilipangwa na mtu aliyekwisha kuona kwamba TP Mazembe imeshinda mechi tano, na ikashushwa kwa sababu hiyo. Anayebeti Mazembe kwa kuwa imeshinda mara tano ananunua habari ambayo tayari imetiwa katika bei, na juu ya bei hiyo ameongezewa gharama ya muuzaji.

Gharama hiyo inaweza kuonwa na yeyote anayejua kugawanya. Chukuliwe mechi yenye odi za 1.80 kwa ushindi wa nyumbani, 3.40 kwa sare na 4.20 kwa ushindi wa wageni. Anayetaka kuhakikisha analipwa faranga 1,000 matokeo yawayo yote atalazimika kuweka 556 kwa la kwanza, 294 kwa la pili na 238 kwa la tatu, jumla 1,088. Analipa 1,088 ili apokee 1,000, na hizo 88 ni za nyumba kabla mpira haujapigwa. Katika mkeka, kama wanavyouita Watanzania, ambapo mechi kadhaa hufungwa pamoja na zote lazima zitimie, gharama hiyo huzidishwa kwa gharama: kwa mechi tano za namna hiyo, faranga 1,000 zilizowekwa zina thamani ya wastani ya takriban 655, na kwa mechi kumi takriban 430. Haba na haba ndiyo inayojaza kibaba cha nyumba, na mkeka mrefu, unaopendwa kwa kuwa unaahidi mamilioni kwa dau la soda, ndio unaokijaza upesi kuliko wote.

Wapo walioshinda hata hapo. Tony Bloom, mmiliki wa klabu ya Brighton, na Matthew Benham, mmiliki wa Brentford, wote wa Uingereza, walitajirika kwa kubashiri mpira. Lakini walifanya hivyo kwa kampuni zilizoajiri wataalamu wa takwimu na kukusanya taarifa kwa wingi, wakitafuta odi iliyokosewa kwa asilimia chache, wakiwa na mtaji wa kustahimili hasara za muda mrefu. Hata mhesabu karata halisi aliuhitaji mtaji huo. Akiwa na faida ya asilimia 1, ambayo ni nzuri kwa kazi hiyo, baada ya mikono 1,000 wastani wake ni faida ya madau 10 tu, wakati mtikisiko wa kawaida wa bahati katika idadi hiyo ya mikono ni kama madau 36 juu au chini. Mtu mwenye haki ya kihisabati kabisa anaweza kumaliza wiki nzima ya kazi akiwa amepoteza. Filamu hazionyeshi sehemu hiyo vya kutosha, na kijana anayeiga ushujaa wa mezani bila kuona mtaji ulio nyuma yake ameiga sehemu isiyo na faida.

Wanaofaidika na mkanganyiko huu ni wauzaji wa utabiri. Katika makundi ya WhatsApp na Telegram huuzwa kinachodaiwa kuwa programu za kutabiri Aviator, na wauzaji wake hupenda maneno ya kitaalamu kama hesabu, mfumo na mpangilio, maneno waliyoyachukua kwa watu walioyatolea jasho. Aliyeelewa bima ya ishirini na moja ana swali la kuwauliza, nalo linawamaliza: katika mchezo huu, ni kitu gani kilichotoka ambacho hakirudi? Kama hakipo, kinachouzwa ni hewa, na muuzaji anaishi kwa ada za wanunuzi wake, si kwa kubeti.

Kwa hiyo lawama haipaswi kuwekwa juu ya vijana peke yao. Wamepewa simu, wamepewa odi, wamepewa hadithi ya Las Vegas. Hesabu ya uwezekano ndiyo hawakupewa, au walipewa ubaoni kama kanuni za kukariri kwa ajili ya mtihani wa taifa. Walimu wa hisabati wa Kisangani, na wanaowaandaa katika Chuo Kikuu cha Kisangani, wanaombwa waingie darasani na pakiti moja ya karata, waweke mezani karata 31 ambazo 12 kati yake ni za kumi, wamwache mwanafunzi akokotoe mwenyewe kama bima inafaa. Kisha wazirudishe zile 21, wachange upya, wamuulize tena. Na wenye mamlaka wa jimbo la Tshopo wanaombwa wamlazimishe kila mwenye kibanda cha kubeti kubandika mlangoni, kwa Kiswahili na Kilingala, kiasi ambacho nyumba inabaki nacho katika kila faranga 1,000 zinazowekwa.